Nimebaki na laki tisa: baiskeli, saa ya GPS au betri ya kufanyia kazi umeme ukikatika?

Pikseli_wa_Rau:
Habari za jioni wakuu, naombeni msaada maana kichwa kimejaa. Mimi ni dizaina wa websaiti, nipo Moshi, nakaa Rau. Kazi zangu nyingi ni za watu wa utalii, hawa wanaopandisha wageni mlimani, na shule kadhaa na lodji. Nafanyia kazi nyumbani chumba cha nyuma, na nikienda kwa wateja naenda na baiskeli kwa sababu naipenda, sio kwa sababu ya shida, nasema hilo mapema maana kila nikifika ofisini kwa mtu na helmeti mkononi mlinzi ananiuliza nimeleta mzigo gani.

Sasa kuna mteja kamalizia hela yote (naam, imetokea), nikatoa kodi, nikatoa ada, imebaki laki tisa ambayo haina mwenyewe. Mawazo niliyonayo ni matatu na yanagombana.

La kwanza ni baiskeli nyingine. Niliyonayo ni mtumba wa Japani, ile ya kikapu mbele, gia tatu zimefichwa ndani ya haba (kile kitovu cha gurudumu), taa inajiwasha yenyewe ukianza kuendesha. Mjini haina shida kabisa. Ila Jumamosi nikisema nipande Kibosho naisukuma muda mrefu kuliko ninavyoikalia, watoto wa kule wananipa "pole babu" na mimi nina miaka 34.

La pili ni saa ya GPS au ile kompyuta ndogo ya kufunga kwenye usukani. Sa hivi naweka simu usukani, skrini inawaka safari nzima, nikirudi nyumbani betri iko hoi. Na kusema ukweli napenda namba, mwinuko, spidi, mapigo ya moyo, vyote. Mke wangu anasema ninafurahia kujua nimechoka kiasi gani kuliko kupumzika.

La tatu ni betri kubwa, hizi wanaita pawa stesheni. Nina wateja wa Marekani, na kikao chao ni saa mbili usiku yetu, kule New York kiangazi inakuwa saa saba mchana, wao wametoka kula wako freshi. Juzi nipo katikati namwonyesha mama mmoja ukurasa mpya wa bei, pap, giza. Laptopu inawaka vizuri tu, ila kwake mimi nimeganda kwenye skrini mdomo wazi, akapiga picha akanitumia kesho yake na kiemoji cha kucheka. Laptopu yenyewe inakaa na chaji kama masaa matatu hivi.

Mama watoto ana wazo la nne, friji. Karibuni.

chalii_wa_kijenge:
Nunua friji arif. Umeme ukikatika unaingia ndani unafunga mlango, mteja akikuuliza mbona umeganda unamwambia ukweli.

VoltiNaWati:
Mkuu Pikseli rudi usome ulichoandika mwenyewe. Laptopu ilikuwa inawaka. Kilichozima ni rauta. Sasa unataka utoe hela ya mamia ya elfu kununua betri ya kuwasha kitu ambacho tayari kinawaka, kwa nini?

Nieleze kidogo maana hili naliona kila siku kwa wateja wangu (nafunga sola na inveta, huwa ningefurahi uniletee hizo laki tisa lakini hapana). Nenda pale rauta ilipo, shika adapta yake, soma maandishi madogo. Utakuta kitu kama 12V 1A. Zidisha, ni wati 12, na hiyo ndo juu kabisa, kawaida inakula pungufu ya hapo. Kama una faiba utakuta viboksi viwili, kimoja ndo waya wa faiba unaingia na kingine ndo kinatoa waifai, watu wengi wanawasha kimoja wanasahau kingine halafu wanalalamika mtandao hamna. Vyote viwili vinataka umeme.

Uzuri wa faiba ni kwamba vile vigawanyio vya kwenye nguzo mtaani havitumii umeme, mwanga unapita tu. Kwa hiyo mtaa mzima ukiwa giza laini yako bado ina uhai alimradi kule kwa mtoa huduma wana jenereta. Ndo maana wakati wa giza faiba iliyowekewa betri inakuwa bora kuliko bando, kwa sababu muda ule kila mtu Rau nzima kahamia kwenye bando na mnara unazidiwa.

Unachotafuta ni UPS ndogo ya rauta, ile ya kukaa kiganjani, inatoa 12V moja kwa moja, ipo umeme ukiwepo inajichaji, ukikatika rauta haijui hata kama kuna kitu kimetokea. Hapo kwenye laki tisa umegusa pembeni tu.

Pikseli_wa_Rau:
Volti nimetoka na tochi nimeangalia. Viboksi viwili kweli. Kimoja 12V 1A kingine 12V 0.5A. Ninayo na pawabenki ya 20,000 hapa, haiwezi kufanya hiyo kazi? Kwa sababu 20,000 ni nyingi.

VoltiNaWati:
Hiyo 20,000 inakudanganya sio kwa uongo ila kwa namna inavyohesabiwa. Ni mAh za seli za ndani, na seli ni volti 3.7. Piga 20 mara 3.7 unapata 74, hizo ni Wh (wati mara masaa), na ndo namba ya kuangalia siku zote. Toa kinachopotea kwenye kubadilisha volti, weka 60 mkononi. Viboksi vyako vyote viwili mwisho wake wati 18, kwa uhalisia labda 10, kwa hiyo masaa sita yapo. Kikao chako ni cha lisaa limoja tu. Laptopu ukiwa unadizaini bila fujo inakula wati 15 mpaka 20, nayo ingepata masaa matatu mengine kutoka pawabenki hiyohiyo kama ina USB-C ya kutoa wati 45 kwenda juu.

Tatizo ni volti. Pawabenki inatoa 5, na zile za kisasa 9, 15, 20. Hiyo 12 nyingine wanaiweka nyingine hawaiweki, sio lazima kwenye kiwango. Kuna nyaya za kupandisha 5 kwenda 12, zinauzwa, ila tundu la 5V 2A ni wati 10 tu, ukiweka viboksi viwili itakuwa inazima na kuwaka mpaka uichukie. Chukua UPS ndogo, hakikisha imeandikwa 12V na isiwe chini ya 2A kwa jumla, halafu beba adapta yako dukani ukapime kichomekeo, kuna cha 5.5 kwa 2.1 na kuna 5.5 kwa 2.5, kwa macho vinafanana, ukikosea kinacheza cheza.

Na nyingine, umeme ukirudi usikimbilie kuchomeka vitu. Huwa unarudi kwa kishindo. Subiri dakika kadhaa.

MzeeSpoku:
Wanangu naona mnaongea umeme tu, baiskeli imeachwa pembeni na ndo swali la kwanza la kijana.

Pikseli, hiyo ya Japani usiitukane. Haba ya gia tatu ikipakwa grisi inakaa miaka, haiingii vumbi wala tope, cheni haichezi. Shida yake ni moja, gia yake nyepesi bado ni nzito kwa mlima. Pengine mbele ina meno 32 na nyuma 14. Fundi anaweza kukutolea ile ya nyuma akakuwekea ya meno 20, na anaongeza pini za cheni. Gia zote tatu zinakuwa nyepesi kwa karibu theluthi. Hiyo ni kazi ya mchana mmoja na hela yake ni ya soda ukilinganisha na baiskeli mpya. Mjini utaona miguu inazunguka sana kwenye mteremko lakini utapanda Kiboriloni bila kushuka.

Kibosho ni habari nyingine. Kule hata meno 20 hayatoshi, na kupanda sio hofu yangu, hofu yangu kushuka. Zile breki za nyuma za ngoma kwenye baiskeli za Japani alitengenezewa mama anayetoka sokoni na kikapu cha mboga kwenye tambarare. Ukiishikilia mteremko wote wa kutoka Kibosho inapiga kelele mpaka mbwa wanajibu, halafu inapata moto, halafu inaacha kushika. Ukiwa unashuka na hiyo hiyo, bana achia bana achia, mbele na nyuma, usining'inie kwenye breki moja.

Kwa hiyo kama moyo wako uko milimani, baiskeli ya mlima ya mtumba inatosha, mbele duara tatu, ndogo meno 22, nyuma kubwa meno 32 au 34. Hapo unakaa kwenye kiti unapanda taratibu unasalimia watu. Usivutwe na ile yenye springi mbele na katikati. Springi za bei rahisi zimeganda kutu, ni uzito wa bure unaubeba juu. Fremu ngumu, breki za disi au zile za V zenye mpira mzuri, bas.

Ukifika Mbuyuni au popote watakapokuonyesha, usiangalie rangi. Inua gurudumu lizungushe utazame rimu inavyopita kati ya mipira ya breki, ikiyumba kidogo spoku zinakazwa, ikiyumba sana achana nayo. Shika mkono wa pedeli usukume kushoto kulia, ukisikia tuk tuk beringi zimekwisha. Chini ya shingo pale bomba mbili zinapokutana pitisha kucha, ufa huwa unajificha chini ya rangi hapo. Na nenda na rula. Cheni mpya, kutoka pini hadi pini, nafasi 24 za pini zinakaa ndani ya inchi 12 kamili. Ukipima ikavuka kwa moja ya nane ya inchi ujue cheni imevutika na imekula meno ya nyuma pia, punguza bei au ondoka.

chalii_wa_kijenge:
Shikamoo mzee. Hiyo ya rula sijawahi kuisikia na nimeendesha tangu nasoma msingi, kesho naipima yangu naogopa majibu.

Pikseli sasa niongee kama mtu mzima. Saa na hiyo kompyuta ya usukani achana navyo kwanza. GPS ya simu haitumii bando hata kidogo, inasikiliza setelaiti tu, kinachokula bando ni ramani kujichora, kwa hiyo ipakue ramani ya Kilimanjaro na Arusha ukiwa nyumbani kwenye waifai. Halafu washa Strava au chochote unachotumia, zima skrini, tia simu mfukoni. Inarekodi njia yote hivyohivyo na ukifika betri ipo. Kinachokumaliza ni mwanga wa skrini na ile tabia ya kuangalia spidi kila baada ya mita mia.

Na usukani sio mahali pa simu yenye kamera nzuri. Apple wenyewe mwaka 2021 walitoa tahadhari kwamba mtetemo wa injini za pikipiki kubwa unaweza kuharibu ile mitambo midogo ya kamera inayozuia picha kutikisika. Baiskeli haina injini lakini wewe hujaona barabara ya kuja kwetu. Boda wengi hapa mjini kamera zao zinapiga picha zina ukungu na wanalaumu simu.

Dada_Kodi:
Kaka Pikseli, mimi kazi yetu ni moja, nipo Njiro na naendesha pia ingawa sio kila siku. Nakubaliana na Volti kuhusu rauta ila kuna kitu hamjagusa, kwa nini umeme ukikatika kazi inasimama? Kikao sawa, kinasimama. Lakini kudizaini kwenyewe kusitegemee mtandao. Mimi naweka WordPress (programu ya kuundia saiti) nzima ndani ya laptopu, seva inakimbia humohumo, naunda kurasa, nabadilisha rangi, naharibu narekebisha, mtandao hauhusiki. Nikimaliza napandisha kwenye hostingi usiku mtaa umetulia. Kabla sijapandisha nachukua nakala ya saiti nzima, hata kama nimebadilisha herufi moja. Wale wanaofanya kazi moja kwa moja kwenye saiti hai na umeme ukakatika katikati ya kusasisha plagini, hao ndo utawakuta asubuhi wanaandika "wakuu ukurasa wangu mweupe".

Na kwa wateja wa utalii tatizo kubwa zaidi ya umeme ni picha. Mtu ana picha ya mgeni amesimama Uhuru Peak na bango, MB 8, anataka iwe juu kabisa, na zingine sita zinazopishana. Kwake ofisini inafunguka kwa sababu ana faiba. Mgeni yuko kwenye treni huko kwao na simu, anasubiri, anaondoka, anaenda kwa jirani yako. Punguza upana iwe pikseli 1600 au 1920, igeuze iwe WebP (aina ya faili la picha lililo jepesi), inashuka mpaka KB 200 au 300 na jicho halioni tofauti. Nikienda kwa mteja nafungua saiti yake mbele yake kwenye simu yangu nikiwa nimeweka mtandao wa 3G makusudi, tunakaa kimya wote tunaangalia kile kiduara kinazunguka. Huwa sihitaji kuongea sana baada ya hapo.

Laptopu na baiskeli sasa. Kama ina SSD mitetemo isikutishe, hakuna kinachozunguka ndani. Kama bado una diski ya zamani ya kuzunguka izime kabisa kabla hujaondoka, usiifunge tu mfuniko maana inaweza kuamka njiani. Kinachovunja skrini mara nyingi sio mashimo, ni adapta ya chaja, ile tofali, imekaa imegusana na mfuniko ndani ya begi na kila shimo inagonga palepale. Chaja iwekwe mfuko wa mbele, laptopu izungushie kitenge. Na masika yakianza Machi mpaka Mei uwe na kitu kisichopitisha maji, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 hata rambo la kufunikia laptopu hulipati, nilishonesha turubai kwa fundi wa mahema.

Kuhusu jasho: toka mapema, fika nusu saa kabla, kaa kivulini unywe maji, badilisha shati. Shati libebwe, usilivae njiani. Na sie wanawake tunaongezea la nywele, helmeti na rasta ni mjadala wa siku nyingine.

Pikseli_wa_Rau:
Dada Kodi hiyo ya 3G mbele ya mteja nakuibia. Nina mmoja Shanty Town ana video inajicheza yenyewe ukifungua saiti, nimemwambia mpaka nimechoka.

Kuna wazo limenijia wakati nasoma. Baiskeli yangu ina dinamo ndani ya gurudumu la mbele, ndo inawasha taa. Je siwezi kuvuta umeme kutoka pale nikachaji simu, au hata pawabenki, nikiwa naenda mjini? Kwamba nikifika kwa mteja nimejichaji mwenyewe. Niliona mtu kafanya hivyo Ujerumani.

VoltiNaWati:
Nilijua tu utafika huko, mpenda vifaa haponi.

Inawezekana ndio. Dinamo za haba kiwango chake ni 6V, wati 3, na unazipata ukiwa kwenye spidi ya kama kilomita 15 kwa saa. Umeme wake ni wa kwenda na kurudi, kwa hiyo unahitaji kisakiti cha kuunyoosha na kuutoa kama USB. Sasa hesabu. Simu ya 5,000 mAh ni kama Wh 19. Wati 3 kwa saa moja ni Wh 3. Unahitaji kuendesha masaa sita na zaidi bila kusimama kuijaza, na taa uwe umezima. Laptopu ya Wh 50, masaa 17. Kutoka Moshi unapita Arusha, unapita Makuyuni, unakwenda kulala Babati na bado haijajaa.

Wa Ujerumani anasafiri mwezi mzima porini, kwake inalipa. Wewe kutoka Rau mpaka mnara wa saa unapata asilimia mbili, na hizo unazitumia kumpigia mteja kumwambia umefika.

MzeeSpoku:
Dinamo iachie taa. Jioni saa moja hapa giza linaingia ghafla na barabara ya Himo malori ya Dar hayakuoni. Taa ya nyuma nyekundu na kifulana cha kung'aa ndo kifaa cha kwanza ninachokushauri, saa ya mapigo ya moyo baadaye. Malori yenyewe yatakupandisha mapigo bila saa.

Kama unataka mazoezi bila kushindana na magari, asubuhi shika njia ya TPC kuelekea Arusha Chini, tambarare yote, miwa huku na huku, ila uwahi kabla ya jua maana kule chini joto halina huruma. Siku ukishapata ile yenye meno 22 ndo utoke Himo upande Marangu kwa lami. Mjini tuko mita 800 na ushee, geti la Marangu karibu 1,900. Ni zaidi ya kilomita nzima ya kwenda juu, ukigawanya na sehemu za kupumzika na kunywa chai inapandika.

chalii_wa_kijenge:
Mzee na sie tunateseka huku Arusha. Ile barabara ya njia nne Sakina mpaka Tengeru ni pana kweli lakini jioni pembeni ni mali ya boda na vifodi, unaendesha huku unasoma mawazo ya konda.

Halafu kitu kinachoniuma, TTCL walipeleka intaneti mlimani 2022, pale Horombo mita 3,720 mgeni anapiga video kolu na mama yake, na Pikseli yuko Rau chini kabisa ya mlima ameganda mdomo wazi.

Pikseli_wa_Rau:
Chalii wewe hiyo picha hutaiacha.

Haya basi nimefanya uamuzi nusu. UPS ndogo ya rauta naichukua wiki hii. Saa naiahirisha, simu inaingia mfukoni. Baiskeli ya mlima nitaanza kuzunguka kutafuta taratibu, na rula. Ya Japani inabaki ya mjini, ila nataka niivalishe tairi nene za kashata maana njia ya kutoka kwangu mpaka lami ni kokoto na mvua ikinyesha ni tope. Tairi zake zimeandikwa 26. Na baiskeli za mlima nazo ni 26. Kwa hiyo nachukua tairi za baiskeli ya mlima navalisha tu, si ndio?

MzeeSpoku:
Sio ndio. Hapo ndo watu wanapoliwa hela.

26 ya Japani na 26 ya mlima sio moja. Angalia ubavuni mwa tairi, chini ya maandishi makubwa kuna namba ndogo mbili zina kistari katikati. Yako itakuwa 37-590, juu yake imeandikwa 26 x 1 3/8. Ya mlima itakuwa kitu kama 50-559. Hiyo namba ya mwisho ndo kipenyo cha rimu kwa milimita. 590 na 559, tofauti milimita 31, tairi ya mlima haipandi kwenye rimu yako hata mkiivuta watu wanne. Na Phoenix ya 28 ile ya zamani ni 635, mtu mwingine tena. Siku zote uliza kwa namba ya mwisho, ile ya inchi ni jina tu.

Wewe tafuta 590 yenye kashata kidogo, zipo kwa wanaouza spea za mitumba ya Japani, sio nene sana lakini zina meno. Upana ukizidi itagusa madigadi. Na usijaze upepo mpaka igonge kama jiwe, kwenye kokoto acha ilegee kidogo, itashika chini. Fundi akikwambia ya mlima itaingia mwambie aivalishe mbele yako kwanza.

Dada_Kodi:
Mzee shikamoo, nimeenda kuchungulia yangu imeandikwa 700 x 35C na pembeni 37-622. Nimekuwa naambiwa ninunue tyubu ya 28, ni sawa au nao wananipiga?

MzeeSpoku:
Marahaba mama. Hapo hawajakupiga, 622 ndo hiyo wanayoiita 28 siku hizi, na baiskeli za mlima za 29 nazo ni 622 hiyohiyo. Tyubu ni mpira inavutika, angalia tu upana ulioandikwa kwenye boksi uanzie 35 kupanda. Lakini ukija kununua tairi usiseme 28, sema 622, la sivyo watakupa ya Phoenix.

chalii_wa_kijenge:
Wakuu nimepima cheni. Imevuka inchi 12 na robo. Mzee nauza baiskeli au nauza rula?

MzeeSpoku:
Badilisha cheni na meno ya nyuma pamoja, usibadilishe kimoja, cheni mpya kwenye meno yaliyoliwa itakuwa inaruka ukikanyaga kwa nguvu. Ya mbele iangalie, kama meno yamechongoka kama ya papa nayo iende. Robo nzima! Umeendesha na nini wewe.